Kanda Ilisimama Wapi?

Swali limetoka kwa dada mwenye duka la muvi Kayole, Nairobi. Ameandika hivi:

"Salamu mzee wangu. Nina kaduka ka muvi huku Kayole, nauza DVD na kuwawekea watu kwenye flashi. Kila Ijumaa huwa naandika kwenye status maoni ya muvi mpya za wiki, mafupi na ya kuchekesha, na watu huyapenda hadi wanatumiana. Wiki iliyopita niliandika kuhusu komedi moja, 'Mtavunjika mbavu, wekeni namba ya ambulensi karibu.' Nilikuwa nimeona trela tu. Kijana mmoja akainunua, akaitazama na mamake aliyekuwa ametoka ushago. Jumapili alikuja dukani kukiwa na watu akaniambia, 'Dada, umeniaibisha mbele ya mama.' Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Je, niache utani nibaki kuandika majina na bei? Na nisipoacha, nitachekesha vipi bila kudanganya, ilhali muvi zenyewe ni nane au tisa kila wiki?"

Binti yangu, usiache. Kumfanya jirani acheke kwa mistari mitatu kwenye simu ni kipaji, na si wengi wenye maduka waliojaliwa nacho. Lakini huyo kijana alikuambia kweli, na nimefurahi kwamba maneno yake yamekunyima usingizi. Mimi nami niliwahi kuukosa kwa jambo kama hilo.

Miaka ya tisini nilikuwa na maktaba ya video Ngara. Rafu nne za kanda za VHS, daftari la majina, na shilingi hamsini kwa usiku mmoja. Jumamosi moja mama mmoja, mteja wangu wa kila wiki, alichukua kanda akaniuliza kama inafaa watoto. Kwenye jalada palikuwa na mbwa na mtoto amepanda baiskeli. Nikamwambia, "Mama, watacheka hadi wasahau kula." Sikuwa nimeitazama. Jumatatu asubuhi aliirudisha ikiwa imefungwa kwenye gazeti, akaiweka mezani taratibu, akaniuliza, "Wewe mwenyewe uliiona?" Hakungoja jibu.

Alipoondoka niliitia kwenye deki. Nyinyi mliokulia kwenye diski pengine hamjui kwamba kanda huanzia pale iliposimama mara ya mwisho. Ukitaka mwanzo, sharti uirudishe nyuma mwenyewe. Ile ilianzia jikoni. Mwanamume mlevi anampiga mkewe, na yule mtoto wa kwenye jalada amejikunyata chini ya meza. Ilikuwa dakika ya thelathini na kitu. Hapo ndipo yule mama alipoinuka kwenda kuzima deki, wanawe wakimtazama.

Siku hizo maktaba za mjini zilikuwa zikitoza faini ukirejesha kanda bila kuirudisha mwanzo. Mimi niliifuta faini hiyo. Niliwaambia wateja waniletee kanda jinsi ilivyosimama, na kila asubuhi nilizitia kwenye deki moja baada ya nyingine na kuandika daftarini: hii ilizimwa dakika ya 20, hii ilifika mwisho, hii ilirudishwa nyuma mara kadhaa mahali pamoja hadi picha ikachakaa. Hakuna shule ambayo ingenifundisha zaidi ya lile daftari. Filamu za kung fu zilifika mwisho hata zikiwa mbovu, kwa sababu mtu yuko radhi kuvumilia lolote ili aone pambano la mwisho. Za Kihindi watu walizimaliza, saa tatu nzima. Komedi ndizo zilizokufa mapema. Nyingi hazikuvuka nusu saa, na mara nyingi zilikuwa zilezile ambazo majalada yake yalijigamba kuliko yote.

Kwa hiyo kabla hujatunga utani wowote, jiulize: watu wangu watazima hii wapi, na kwa nini? Jibu la swali hilo ndilo maoni yenyewe, na utani utaota juu yake.

Kuhusu wingi wa muvi, huwezi kuona nane kwa wiki na bado ufungue duka. Chagua tatu. Marekani, filamu za kutazamwa nyumbani kwa desturi hutoka Jumanne. Netflix huachilia zake saa sita za usiku wa California, ambayo hapa Nairobi ni saa nne asubuhi, au saa tano katika majira yao ya baridi. Ukipanga kuona moja Jumanne jioni, ya pili Jumatano, ya tatu Alhamisi, Ijumaa unaandika bila presha. Zilizobaki ziandikie mstari mmoja wa haki: "Hizi sijaziona. Ukitazama, niambie ulifika wapi." Usione aibu. Ukikiri hujaona tano, zile tatu ulizoona wataziamini.

Tazama ukiwa na kalamu na saa. Andika dakika. Kama una televisheni dukani, iwashe wateja wakiwepo, kisha uwatazame wao badala ya kioo. Mtu aliyeingia kununua kebo akasimama mlangoni dakika kumi amekupa maoni bora kuliko ya magazeti.

Sasa tuje kwenye utani. Sentensi yako ya ambulensi inachekesha, lakini hebu ijaribu hivi: ichukue uibandike kwenye komedi ya wiki iliyotangulia, halafu kwenye ya mwezi ujao. Inakaa kote sawasawa. Hapo ndipo penye kasoro. Utani unaoweza kuhamishwa kutoka filamu hadi filamu haukutoka kwenye filamu yoyote, na msomaji akishacheka anabaki mikono mitupu. Utani wa maoni lazima uwe na kitu ulichokiona kwa macho yako.

Tuseme ni muvi ya mabunduki. Dakika ya 10 stelingi amepigwa risasi begani. Dakika ya 15 amembeba mwenzake kwa bega lilelile, anapanda ngazi. Andika: "Bega la stelingi limepona kwa dakika tano. Mimi nikilalia bega vibaya napakwa mafuta wiki nzima." Watu watacheka, na watakuwa wamejua muvi ni ya namna gani. Anayependa stelingi asiyekufa ataleta pesa mbio. Asiyevumilia uongo wa aina hiyo ataweka hamsini yake mfukoni, na hatakuwa na neno na wewe.

Au ni ya mapenzi, dada wa New York analia kwamba hana kodi ya nyumba. Hesabu makoti yake. "Dada anasema hana kodi, nami nimehesabu makoti kumi na moja. Atume makoti matatu soko la mitumba la Gikomba, kodi italipwa kabla ya tarehe tano." Au ni ya kutisha, familia imehamia jumba kubwa msituni lililouzwa kwa bei ya kutupa. "Hakuna aliyeuliza majirani kwa nini ni rahisi hivyo. Huku kwetu hata keja ya bedsita unauliza kwanza maji huja siku gani." Unaona kwamba sijamtukana mtu? Nimechukua jambo lililo ndani ya filamu nikaliweka karibu na maisha ya anayenisoma. Kicheko kinatoka hapo katikati.

Kuna mambo ya kuyaacha. Usimcheke mwigizaji kwa unene wake, rangi yake, meno yake wala matamshi yake. Mteja mwenye mwili kama huo amesimama kwenye foleni yako, na hatakuambia kwamba ameumia, atahamia duka la jirani. Marehemu Benson Wanjau, tuliyemjua sote kama Mzee Ojwang, alituchekesha miaka na miaka kwenye televisheni ya KBC hadi alipoaga dunia mwaka 2015, na tulichokumbuka kesho yake ni hila zake mbele ya Mama Kayai, mkewe wa kwenye kipindi, yaani yale aliyoyatenda. Cheka matendo. Filamu mbovu imejaa matendo ya kuchekwa, hutapungukiwa. Na mwisho wa hadithi usiuseme, hata kwa mafumbo.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo ulipojikwaa. Wanaoandika maoni ya filamu ughaibuni mara nyingi wanamwandikia mtu aliyekaa peke yake na simu yake. Wewe unaandikia sebule ya Kayole. Televisheni ni moja, ukutani au juu ya kabati. Baba yuko kwenye kochi, watoto wako chini, shangazi amekuja kutibiwa mjini analala hapohapo, na jirani ameingia kwa sababu stima zake zimeisha. Kila filamu inayoingia nyumba hiyo inatazamwa na vizazi vitatu kwa pamoja. Mtu wa miaka arobaini anayeweza kutazama lolote akiwa peke yake hawezi kukaa na mama mkwe mbele ya busu la nusu dakika. Remoti inatafutwa, haionekani, mtu anaanza kukohoa. Wateja wako wanataka kukwepa hilo kuliko wanavyotaka kucheka.

Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya ina alama zake: GE kwa watazamaji wote, PG kwa watoto walio na uangalizi wa mzazi, 16 na 18 kwa waliofikia umri huo. Ziandike kila mara filamu inapokuwa nazo. Lakini alama inazungumzia umri, haizungumzii ukwe. Filamu inaweza kuwa halali kabisa kwa mtu wa miaka 16 na bado ikamfukuza baba mzima sebuleni mwake. Kwa hiyo ongeza kipimo chako mwenyewe. Mimi ningeandika hivi: "Dakika ya 42 hadi 44, inuka ukaangalie chai jikoni." Ni utani, watu watautumia hadi uwe msemo wa mtaa, na papo hapo ni msaada mtupu: mwenye mgeni anajua ainuke lini na remoti ikae wapi. Kama ungemwandikia yule kijana mstari huo mmoja, mama angekunywa chai yake kwa amani. Dakika za chai zikiwa nyingi mno, sema, "Hii chai itakauka. Itazame peke yako."

Komedi zina shida nyingine ambayo daftari langu lilinionyesha bila kunieleza sababu, nikaigundua baadaye nikiwa nimekaa na wateja. Kuna komedi ya mwili na komedi ya maneno. Mtu akiteleza, akijifungia nje na taulo, akijificha kabatini na kabati likaanguka, hiyo inafika Kayole, inafika Lodwar, inafika popote. Lakini komedi ya watu wawili wanaorushiana maneno mbio kwa Kiingereza cha Marekani, wakitaja vipindi vya televisheni vya utotoni mwao na wanasiasa wao, hiyo inabaki kwao. Maandishi ya chini hayaokoi. Mara nyingi yanatokeza neno la mwisho la mzaha kabla mwigizaji hajalitamka, kwa hiyo mtu amesoma, ameelewa, na kicheko kimeshapoa midomo ya mwigizaji inapofunguka. Isitoshe, mvua ikinyesha juu ya mabati sauti yote inapotea. Andika basi: "Hii ni ya maneno, itazame wakati wa kiangazi." Anayeishi chini ya mabati atakuelewa mara moja.

Hali ya kopi pia ni sehemu ya maoni. Diski ya kawaida ya DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Zile za filamu kumi ndani ya diski moja zinaipa kila filamu chini ya nusu gigabaiti, ndiyo maana usiku ukiingia kwenye hadithi giza linakatikakatika kuwa miraba na humjui aliyeuawa. Usimwambie mtu filamu haieleweki wakati kisichoeleweka ni picha. Zamani za VCD tulikuwa na tabu yetu. Diski ilibeba takribani dakika 74 hadi 80, filamu ya saa mbili ikakatwa mbili, na mkato uliangukia popote bila huruma. Nakumbuka moja iliyokatika muuaji akiwa anageuka kuonyesha uso wake, na nyumba nzima ikamgeukia mtoto kumtuma akabadilishe diski.

Na kopi za kamera, zile zinazorekodiwa ndani ya jumba la sinema, ziache kabisa. Najua presha inatoka wapi. Kabla ya 2020 filamu kubwa ya Marekani ilikaa kwenye sinema miezi kama mitatu kabla ya kuja nyumbani. Julai 2020 kampuni ya Universal ilikubaliana na majumba ya sinema ya AMC kwamba filamu zake zinaweza kukodishwa nyumbani baada ya siku 17 tu, na tangu hapo muda umebaki mfupi kwa filamu nyingi. Mteja anasikia filamu iko sinemani Westlands leo na anadhani unayo kesho. Mwambie asubiri. Komedi ya kopi ya kamera inakuletea vicheko vya watu usiowajua, kichwa cha mtu kinachopita mbele, na sauti ya mtu anayetafuna. Huwezi kuitolea maoni ya haki kwa sababu hujaiona filamu yenyewe.

Nikuambie pia bila kuzunguka, kwa kuwa nakutakia duka lidumu: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakataza kunakili na kuuza filamu bila idhini ya mwenyewe, iwe kwenye diski au kwenye flashi. Nenda Bodi ya Hakimiliki ya Kenya uulize kuhusu stika zao za uthibitisho na upate pa kununua bidhaa halali. Wewe unaandika jina lako chini ya maoni kila Ijumaa. Mtu anayeweka jina lake mbele ya watu anahitaji rafu asiyoificha.

Pa kuanzia papo karibu. Filamu zetu za Riverwood, zilizopata jina kutokana na barabara ya River Road hapa Nairobi, ziliuzwa kwa diski kutoka mkono hadi mkono, nyingi zikiwa vichekesho vya Kikuyu, Kiswahili na lugha nyingine za nyumbani. Ziandikie kwa uzito uleule unaoipa ya Marekani. Zikiwa na kosa, taja kosa. Mara nyingi ni sauti: waigizaji wawili wanapatana ndoa na matatu inawapigia honi. "Wachumba walikuwa watatu: yeye, yeye, na makanga." Ukiandika hivyo kwa upendo, aliyeitengeneza atakusoma, na filamu yake ijayo atatafuta uwanja mtulivu zaidi. Usiisifu kwa sababu ni yetu. Sifa ya huruma haimsaidii mtu aliyekesha akihariri.

Watakuuliza pia, "Iko ya DJ Afro?" Filamu aliyoisimulia yeye kwa Kiswahili cha mtaani ihesabu kama filamu nyingine kabisa. Nimeona muvi iliyowalaza watu kwa Kiingereza ikawaamsha kwa sauti yake. Itolee maoni yake peke yake, na useme ni ipi uliyoitazama.

Urefu wa maoni? Mistari mitatu uliyozoea inatosha. Utani mmoja uliouona kwa macho, kisha kwa lugha ya kawaida: ya nani, dakika ngapi, kopi ikoje, chai iko dakika gani. Ukiwa na utani wa pili mzuri, uweke akiba kwa mteja atakayekuja dukani kuuliza.

Na sasa yule kijana. Usimtumie ujumbe. Mngoje apite, au umwendee, na aibu uliyompa mbele ya watu umwombe radhi mbele ya watu. Mwambie hukuwa umeitazama. Sema hivyohivyo, usitafute maneno mengine. Mpe filamu nyingine bila malipo, moja uliyoiona kuanzia mwanzo hadi majina ya mwisho, inayoweza kutazamwa na mamake bila mtu kukohoa. Kama mama bado yuko Nairobi, tia na pakiti ya majani ya chai. Halafu Jumatatu, kijana akirudi, usimuulize kama ilikuwa nzuri, maana kwa adabu atasema ndiyo. Muulize mama alilala dakika ya ngapi, na uandike.